Mshale Unakwenda Pembeni: Tafuta Kosa Kwenye Uti Kabla ya Kulaumu Mkono

Mtu akianza kukosa shabaha kwa upinde wa rikavu, ule wa ncha zilizojikunja kuelekea mbele, kitu cha kwanza anacholaumu ni mkono wake. Cha pili ni upinde. Uti wa mshale, ambao wazee wa pwani waliuita wano, hata haukumbuki, maana kwa macho ni kijiti kilichonyooka tu. Mimi nimepiga upinde wa mbao hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuugeuza mpangilio huo. Naanza na wano, kisha upinde, mkono mwisho. Mara nyingi sifiki kwenye mkono.

Maelezo yote hapa ni ya anayeshika upinde kwa kushoto na kuvuta ugwe kwa kulia. Ukitumia mkono wa shoto, geuza kila penye kushoto pawe kulia.

Pima kwanza

Bila vipimo utakuwa unabahatisha tu. Vifaa ni vya kawaida: mizani ndogo kama ya sonara inayosoma hadi sehemu ya gramu, rula nzuri, misumari miwili, na chupa ya maji.

Upinde hausukumi mshale moja kwa moja kama rungu. Ugwe ukiachiwa, wano linapinda kando, linazunguka mshikio, linapinda upande wa pili, na linaendelea kutikisika hivyo hadi litulie hewani. Miaka ya 1930 mwanafizikia Mmarekani Clarence Hickman alipiga picha za kasi kubwa zilizoonyesha jambo hilo waziwazi. Kwa hiyo wano lazima lipinde kwa kiasi kinacholingana na nguvu ya upinde wako. Likiwa gumu mno halizungushi mshikio. Likiwa laini mno linajikunja kupita kiasi. Kiasi hicho cha ugumu wapiga upinde hukiita spaini, nacho huandikwa kwa ratili kama nguvu ya upinde.

Kuipima ni rahisi. Pigilia misumari miwili ubaoni, umbali wa milimita 660 kati yake, ulaze wano juu yake. Jaza chupa maji mpaka yote pamoja, chupa, kizibo na uzi wa kuning'inizia, ifike gramu 907, kisha itundike katikati ya wano. Pima limeshuka milimita ngapi. Likishuka milimita 13.2, spaini ni 50. Milimita 16.5 ni 40, 14.7 ni 45, 12 ni 55, na 11 ni 60. Wakati wa kupima, tazama mwisho wa wano uone mistari ya miaka ya mti, uizungushe isimame wima. Ukiilaza utapata jibu jingine, na hilo silo litakalofanya kazi kwenye upinde.

Pima na upinde wenyewe. Namba iliyoandikwa juu yake kwa kawaida ni ya mvuto wa inchi 28. Anayevuta inchi 26 tu kwenye upinde wa ratili 45 anapata kama ratili 40, kwa kuwa kila inchi moja hubeba ratili mbili hadi tatu. Mizani ya kuning'iniza, kama zile wanazopimia samaki, itakupa namba ya kweli ukiifunga kwenye ugwe na kuvuta hadi unapovutaga siku zote.

Dalili: mishale yote inakwenda upande mmoja

Hii ndiyo malalamiko ya kila siku, na ndiyo yenye mitego mingi.

Chukua wano moja lisilo na manyoya lakini lenye chembe na noki sawa na wenzake (chembe ni ile ncha ya mbele ya mshale, noki ni kile kipande cha nyuma chenye pengo la kushika ugwe). Simama mita 10 kutoka kwenye gunia la shabaha. Piga mishale mitatu yenye manyoya, halafu piga hilo lililo tupu mara tatu. Manyoya huficha makosa, wano tupu halina pa kujificha. Likiangukia kushoto kwa kundi la mishale yenye manyoya, ni gumu mno. Likiangukia kulia, ni laini mno. Fanya hivi alfajiri, kabla upepo wa baharini haujaamka. Saa nane mchana, wakati wa kusi, hata mshale mzuri utakudanganya.

Sasa mtego. Wano laini kupita kiasi linaweza kujikunja hadi nyuma yake ikagonga ubavu wa upinde, likarushwa kushoto, nawe ukasoma "gumu" kumbe ni kinyume. Njia ya kujua ni kupaka ubavu wa upinde, pale mshale unapopita, poda ya mtoto au unga mkavu wa muhogo, kisha kupiga. Ukikuta mchubuko kwenye unga karibu na mkia wa mshale ulipopita, au ukisikia "tak" kila unapoachia, basi ule usomaji wa mwanzo uuweke pembeni. Jaribu wano lenye spaini ya juu kwa hatua moja, yaani ratili 5. Kama linarudi katikati na sauti inakufa, umepata jibu.

Likithibitika kuwa gumu, usikimbilie kununua jingine. Ongeza uzito wa chembe. Chembe cha kawaida ni greni 125, sawa na gramu 8.1. Ukiweka cha greni 150, wano linatenda kama limelainika kwa takriban ratili 5. Njia nyingine ni msasa, lakini nenda nao pole pole, kwa sababu ugumu hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne. Wano la milimita 8.7 likisuguliwa mpaka 8.4 hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya ugumu wake: lile la 55 linakaribia 48. Nimeharibu mawano mazuri kwa dakika tano za msasa nisizozihesabu.

Likithibitika kuwa laini, ufupishe mshale. Kila inchi unayokata huurudishia ugumu wa kama ratili 5, ila usikate hadi chembe kikafika kwenye vidole vya mkono wa kushoto ukivuta mwisho. Acha angalau inchi moja mbele ya upinde. Au punguza uzito wa chembe. Kama huwezi lolote kati ya hayo, wano hilo si la upinde wako. Mpe mwenye upinde mwepesi.

Umbo la upinde nalo lina neno. Rikavu nyingi zimekatwa dirisha pembeni mwa mshikio, na dirisha likifika hadi katikati, mshale hauhitaji kuzunguka sana, hivyo unavumilia wano gumu zaidi. Kwa upinde wa ratili 45 wa namna hiyo, mshale wa inchi 28 na chembe cha greni 125, mimi huanza na spaini 50. Upinde ule ule ungekuwa haujakatwa hadi katikati ningeanza na 45 au hata 40. Ugwe wa nyuzi za kisasa zisizonyumbuka huongeza mahitaji kwa hatua moja juu. Hiyo ni pa kuanzia tu, wano tupu ndilo linalotoa hukumu.

Dalili: mishale ya seti moja inajigawa makundi mawili

Mitatu inaingia katikati, mitatu inaingia kiganja kimoja pembeni, na ukiirudia inarudi pale pale. Hapo mkono wako uko sawa kabisa. Mkono mbaya hutawanya ovyo, haukumbuki mshale upi ulikwenda wapi.

Andika namba kwenye kila mshale kwa kalamu, piga raundi tano, na uandike kila namba ilipoangukia. Seti yangu ya kwanza niliagiza nje ya nchi, imeandikwa 45 hadi 50, kumi na mbili, kwa bei iliyoniuma. Nilihangaika nayo miezi minne. Siku nilipozipima kwa chupa ya maji nilikuta moja ni 41 na nyingine 58. Nne tu ndizo zilizokuwa kweli ndani ya kile kilichoandikwa. Nilikuwa nimeshabadilisha ugwe, nimeshabadilisha namna ya kuachia, nimeshaanza kuamini kwamba sina kipaji.

Mawano ya kupigwa pamoja yasipitane zaidi ya ratili 5 za spaini, na uzito wake usipitane zaidi ya greni 10, yaani gramu 0.65 hivi. Uzito ndio unaopandisha na kushusha mishale, spaini ndiyo inayoipeleka kushoto na kulia. Kwa hiyo kundi lako likigawanyika juu na chini, anza na mizani ya sonara. Likigawanyika kwa pembeni, anza na chupa ya maji.

Angalia manyoya pia. Unyoya wa bawa la kulia umejikunja upande mmoja na wa bawa la kushoto upande mwingine. Ukichanganya yote mawili kwenye mshale mmoja, mshale hauwezi kuzunguka vizuri hewani. Yote matatu yatoke bawa la upande mmoja.

Dalili: mishale iliyokuwa mizuri imebadilika tabia

Hii ni ya Dar zaidi kuliko miji mingi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Rafiki yangu alihama kutoka Dodoma na mishale yake sita. Kule ilikuwa inaingia kwenye sahani. Baada ya wiki tatu Mbagala, yote ikawa inakwenda kulia. Hakubadilisha chochote, na hapo ndipo penye jibu. Mbao hunywa unyevu wa hewa mpaka ilingane nayo. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80 kama tunayoivuta pwani kwa miezi mingi, mbao hutulia na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa kavu ya asilimia 50 hutulia karibu 9. Kila asilimia moja ya maji inayoongezeka huondoa ugumu wa asilimia moja hadi mbili. Wano lililokuwa 50 Dodoma linaweza kuwa 45 hapa, bila mtu kuligusa. Na limeongezeka uzito juu yake.

Kwa hiyo usipime wano siku lilipofika kutoka nje au kutoka bara. Liache wazi ndani ya nyumba, mbali na kiyoyozi, wiki mbili au tatu. Pima uzito kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kupanda, sasa limekuwa wano la Dar, na sasa lipime spaini. Hapo ndipo ulipake.

Vanishi haizuii unyevu, inauchelewesha. Tabaka mbili au tatu nyembamba zinatosha, kwa msasa mwembamba katikati. Sehemu inayosahauliwa ni miisho. Maji huingia haraka zaidi kupitia pale nyuzi za mti zilipokatwa kuliko kupitia ubavuni, na miisho ndiyo inayofichwa na chembe na noki, kwa hiyo watu hawaipaki. Ipake kabla ya kuvibandika, kidogo tu, ili gundi bado ishike.

Wakati wa masika nina mishale ya pili iliyopimwa mwezi wa nne, yenye spaini ya juu kwa ratili 5. Si kila mtu atataka gharama hiyo. Anayebaki na seti moja aweke vyembe vya greni 100 kwenye podo, avibadilishe mvua zikianza.

Na usiache mishale kwenye gari lililoegeshwa juani. Gundi ya kuyeyusha kwa moto inalainika, chembe kinalegea, nawe utafikiri wano limebadilika kumbe ni chembe kinachocheza.

Dalili: wano linanyooshwa, kesho limepinda tena

Kama ulilinyoosha kwa kulikunja baridi mikononi, hilo ndilo kosa. Lipashe juu ya jiko la mafuta ya taa au karibu na makaa hadi liwe moto wa kuvumilika mkononi, lisiungue, kisha ukunje pole pole kupita kidogo mahali unapotaka, ulishike hadi lipoe. Wahadzabe wa pembeni mwa Ziwa Eyasi hupasha mawano yao motoni na kuyanyoosha kwa meno, wakilenga kwa jicho moja kila baada ya kuuma. Nimeijaribu njia hiyo. Meno hukuonyesha mahali penye kigongo kuliko vidole.

Likirudi kupinda mara ya tatu, sababu iko ndani ya mti: nyuzi zake hazikunyooka, au limekatwa karibu na kifundo. Hutashinda.

Dalili: wano linavunjika

Tazama limevunjikia wapi.

Likivunjika nyuma tu ya chembe, mara nyingi umegonga kitu kigumu, au kile kinyumba cha chembe hakikukaa sawa. Hiyo ni ajali ya kawaida. Likipasuka kwenye noki, angalia mistari ya miaka: pengo la noki linatakiwa kuivuka mistari hiyo, lisiende sambamba nayo. Likienda sambamba, ugwe unafanya kazi ya shoka la kupasulia kuni.

Likivunjika katikati kwa mpasuko mrefu wa mshazari, hapo ndipo penye hatari, na hapo tunakwenda kwa seremala.

Mtu wa Dar anayetaka mawano ya bei nafuu huenda Keko au Buguruni, anatafuta mbao ya msonobari kutoka Mufindi, anaomba ichanwe vipande vya mraba, kisha anaviviringisha kwa randa au kuvipitisha kwenye tundu la bamba la chuma. Msonobari unafaa. Uzito wake hauko mbali na wa mierezi ya Oregon inayosifiwa duniani kwa mishale. Tatizo ni msumeno. Msumeno unafuata mstari wa fundi, haufuati nyuzi za mti. Nyuzi zikitoka nje kwa mshazari, una kijiti kilichonyooka kwa nje na kilichokatika kwa ndani.

Mara ya kwanza nilimwambia fundi mmoja mzee, "Mzee, naomba nyuzi zinyooke kutoka mwisho hadi mwisho." Akaichukua ile mbao, akaigeuza mara mbili, akaniambia, "Kijana wangu, hiyo hutaipata kwa msumeno. Lete shoka." Akapasua kipande cha inchi 32 kwa shoka dogo na nyundo, kikafunguka kwa kufuata nyuzi zake, kimepinda kidogo kama upanga. "Huu ndio mti wenyewe ulivyo," akasema. "Ukinyooka hapa, utanyooka siku zote." Alichana sita kwa namna hiyo. Zilizobaki tulizitupa kwenye mabaki ya kuwashia moto.

Ndiyo sababu pia mawano ya Wahadzabe yanayotokana na vijiti vya miti ya jamii ya mkole hudumu: kijiti kizima hakikukatwa nyuzi na msumeno wowote.

Mbao ngumu kama mtiki na mninga huvutia kwa sura. Wano la mtiki la milimita 8.7 na urefu wa sentimita 76 linakaribia gramu 29, wakati la msonobari mwepesi linakaribia 20. Kwa upinde wa ratili 40 au 45 mshale wa mtiki utashuka mapema mno. Kwa upinde mzito ni sawa. Usiende upande wa pili pia: mshale mzima usipungue greni 8 kwa kila ratili ya upinde, na mimi napenda 10. Kwa ratili 45 hiyo ni greni 450, au gramu 29, chembe na manyoya vikiwemo. Chini ya greni 8 kwa ratili upinde unatetemeka mkononi, unapiga kelele, na nguvu ambayo mshale haukuichukua inabaki kwenye mbao za upinde. Ukisikia upinde wa rikavu ukilia kwa ukali ghafla baada ya kubadilisha mishale, pima mishale hiyo kabla hujapiga tena.

Rudi kwenye mpasuko. Kila wano lina pande mbili zenye mistari ya miaka iliyobanana, na pande mbili zenye maumbo marefu yaliyochongoka kama mikuki. Pande za mistari ziguse ubavu wa upinde. Maumbo yaliyochongoka upande wa juu yaelekeze ncha zake mbele, kwenye shabaha. Mshale ukivunjika wakati wa kuachiwa, kipande cha nyuma kitapanda juu badala ya kushuka kwenye mkono ulioshika upinde. Weka noki kwa kuzingatia hilo kila mara.

Dalili ambazo si za wano

Mshale ukipanda na kushuka njiani kama pomboo, usiguse wano. Sogeza ile alama ya kwenye ugwe inayoshikilia noki. Kwa anayepiga mshale ukiwa umekaa juu ya mshikio wenyewe, alama ianze kama milimita 12 juu ya usawa, kisha isogezwe milimita moja moja. Manyoya yakilowa mvua yanalala na mshale unayumba. Yakikauka, yapitishe kwenye mvuke wa birika, yatasimama.

Ugwe nao hurefuka ukiwa mpya. Pima umbali kati ya mshikio na ugwe kabla ya kila kikao. Rikavu nyingi za mbao hutaka inchi 7.5 hadi 8.5. Umbali ukibadilika, hata wano uliloliteua kwa wiki tatu litakupa jibu jipya.

Kabla ya kila raundi

Shika wano ncha mbili, likunje taratibu kuelekea pande zote nne, mbali na uso, ukisikiliza. Pitisha kucha kutoka noki hadi chembe. Tazama kama kuna vitundu vidogo vyenye unga mweupe, hiyo ni kazi ya wadudu wanaotoboa mbao, na wano lenye kitundu kimoja lina vingi usivyoviona. Ukisikia mlio mkavu, hata mdogo, hata kama wano linaonekana zima, likate vipande vitatu papo hapo ili mtu mwingine asiliokote na kulipiga.